Kabla ya Kulaumu Tyubu, Tazama Tundu Lake

Tyubu imezamishwa kwenye karai la maji chini ya mwarobaini, na fundi anaizungusha taratibu kwa vidole viwili. Robo ya kwanza, kimya. Robo ya pili, kimya. Halafu viputo vinapanda, mistari miwili iliyokaribiana. Fundi anaitoa, anaipangusa kwenye suruali, anaivuta kidogo ili mpira ufunguke. Vitundu viwili vyembamba, kama vimechanjwa kwa wembe, vimelala sambamba, nafasi ya kidole kati yake.

"Tyubu za siku hizi feki tupu," anasema mwenye baiskeli. "Hii ya tatu tangu mwezi uanze. Safari hii nipe ile nene, fundi."

"Nene ipo, kaka. Ila nayo utairudisha."

Maneno hayo mawili, feki na nene, yamenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Ndivyo wengi wetu tunaopanda baiskeli kila siku tunavyonunua tyubu. Ikitoboka, tunailaumu. Ikitoboka tena, tunatafuta iliyo nene zaidi. Pesa inatoka, pancha hazipungui.

Tyubu tatu kwa mwezi mmoja. Je, kweli zote tatu zilikuwa mbovu?

## Tyubu haibebi uzito

Chukua tyubu mpya, ijaze upepo ikiwa nje ya tairi. Pampu chache tu inatuna, upande mmoja ukizidi mwingine, na kipimo bado hakijafika hata PSI 5 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo). Ukiendelea itapasuka mkononi. Tyubu hiyohiyo, ikiwa ndani ya tairi, inakaa na PSI 80 wiki nzima bila shida.

Kinachobeba nguvu ni nyuzi zilizofumwa ndani ya tairi, pamoja na waya uliopita kwenye kingo zake na kujishika kwenye ringi. Tyubu inaegemea tairi pande zote. Kazi yake ni moja: kuzuia upepo usitoke.

Ndiyo maana pancha inayolia kama bunduki mara nyingi si kosa la tyubu. Tairi imechanika ubavuni, au ukingo wake haukukaa sawa kwenye ringi, na tyubu ikapata upenyo wa kutokea nje. Ikishakosa cha kuegemea, inakwenda yote kwa mkupuo, na unabaki na mpasuko mrefu usiozibika. Mtu anayeweka tyubu mpya kwenye tairi hiyohiyo iliyochanika ajiandae kuusikia mlio mwingine.

## Tundu linaeleza

Usiitupe tyubu kabla hujaona imetobokea wapi. Hapo ndipo uchaguzi wa tyubu inayofuata unapoanza.

Vitundu viwili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka, ni kubanwa. Gurudumu limegonga shimo au ukingo wa lami huku upepo ukiwa mdogo, tairi ikabonyea mpaka chini, na tyubu ikakatwa na kingo mbili za ringi. Hakuna msumari wa kutafuta hapo.

Tundu moja upande wa nje, upande unaogusa tairi, maana yake kuna kitu kimepenya. Na mara nyingi kitu hicho bado kipo. Kwenye bega la barabara kuu zenye malori, adui mkubwa ni nyuzi za chuma zinazotoka kwenye tairi za malori zilizopasuka. Ni nyembamba karibu kama unywele, urefu wa milimita chache. Zinaingia kwenye raba ya tairi na kujificha humo. Kwa jicho huzioni. Pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi, ukizungusha polepole: kitambaa kitanasa. Hapo kunja tairi, bana kichwa cha uzi kwa koleo ndogo au kikata kucha, kivute. Ukitumia kidole kitupu, damu ndiyo itakayokuonyesha ulipo.

Njia za vumbi na kando za lami zina mbigiri. Tunda lake kavu linagawanyika vipande, na kila kipande, kikianguka vyovyote, huacha mwiba mmoja umesimama. Ukipita penye mbigiri mara moja unaweza kutoka na matundu matano, kwa hiyo usifurahie la kwanza ukaacha karai. Zungusha tyubu nzima mpaka mwisho.

Tundu la upande wa ndani, upande unaotazama spoku, ni kosa la mkanda wa ringi. Umesogea na kuacha tundu la spoku wazi, au ncha ya spoku imechomoza juu ya nipo, kile kinati kinachoishika spoku kwenye ringi. Upepo unaisukuma tyubu kwenye lile tundu la ringi mpaka inakatika ukingoni. Pitisha kidole kwenye ringi nzima. Spoku iliyochomoza ipigwe tupa, na mkanda ubadilishwe kwa wa kitambaa wenye upana unaofunika matundu yote bila kupanda kwenye kingo.

Mchaniko kwenye shina la valvu una habari yake, nayo ni ndefu. Tutaifikia.

Kuna siri moja ndogo ya mafundi: wakati wa kuvalisha tairi, weka maandishi ya jina la tairi yaelekeane na valvu. Tyubu ikitoboka, unapima umbali kutoka valvu hadi tundu, kisha unahamishia kwenye tairi. Unajua mwiba uko wapi ndani ya sentimita mbili. Ila kumbuka tyubu ilitoka imetazama upande gani.

## "Nipe ya ishirini na nane"

Hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia dukani.

Baiskeli zetu za kawaida za chuma, zile zinazobeba mkaa, maziwa na abiria, wengi wanaziita ishirini na nane. Tairi yake imeandikwa 28 × 1½. Baiskeli ya mtumba kutoka Uholanzi nayo imeandikwa 28, lakini ni 28 × 1⅝ × 1⅜. Baiskeli ya mbio inaandikwa 700C, na muuzaji atakuambia ni ishirini na nane vilevile.

Zote hizo ni "28". Hazifanani.

Namba ya kuamini ni ndogo, imechorwa ubavuni mwa tairi, tarakimu mbili, kistari, kisha tarakimu tatu. Ni mfumo wa ETRTO, shirika la Ulaya la viwango vya matairi na ringi. Tarakimu za mbele ni upana wa tairi kwa milimita. Tatu za nyuma ni kipenyo cha ringi pale ukingo wa tairi unapokaa. Baiskeli ya mkaa: 40-635. Ya Uholanzi: 37-622. Ya mbio: 25-622 au 28-622. Zile za Kijapani zenye kikapu mbele, za kina mama, mara nyingi ni 37-590, zikiandikwa 26 × 1⅜. Baadhi yake ni 27 × 1⅜, ambazo kwa namba ya kweli ni 37-609, saizi ambayo nje ya Japani ni nadra kuiona. Na baiskeli kuukuu za mbio zilizoandikwa 27 × 1¼ ni 32-630, saizi nyingine tena.

Kwa tairi, namba ya nyuma haina mjadala. Tairi ya 622 haiingii ringi ya 635, na ya 635 ikivalishwa ringi ya 622 itachomoka. Milimita 13 ni nyingi.

Kwa hiyo mtu akikuta yule mwenye baiskeli alipewa tyubu iliyoandikwa 700 kwa ringi yake ya 635, atasema kwa uhakika: umeona, muuzaji kakosea saizi!

Nami ningesema hivyohivyo. Ila sivyo.

## Kosa lilikuwa kwenye upana

Mpira unavutika. Tofauti ya milimita 13 kwenye kipenyo cha milimita 622 ni karibu asilimia 2. Tyubu haiisikii. Ndiyo maana zipo tyubu ambazo boksi lake limeandikwa 622 na 635 kwa pamoja, na ndiyo maana mwenye ile 609 ya Kijapani anaweza kutumia tyubu ya 622 bila wasiwasi.

Tatizo ni namba za mbele. Tyubu zile tatu ziliandikwa 700 × 18/25. Maana yake zimetengenezwa kwa tairi ya upana wa milimita 18 hadi 25. Tairi iliyokuwa barabarani ni ya 40.

Fikiria kinachotokea. Mpira hauongezeki, unasambaa tu. Tyubu ya kukaa kwenye tairi ya milimita 20 ikilazimishwa kujaza tairi ya 40, mzunguko wake unakuwa mara mbili, na ukuta wake unabaki karibu nusu ya unene. Ulinunua ukuta wa milimita 0.9, unaendesha juu ya milimita 0.45.

Ukuta mwembamba unapitisha upepo haraka zaidi. Si kwa tundu. Upepo hupenya kwenye mpira wenyewe kidogokidogo. Jumapili umejaza, Alhamisi gurudumu limelegea na hujagundua. Ijumaa unagonga shimo. Vitundu viwili sambamba.

Na ukuta uliovutika hauzibiki vizuri. Kiraka kilichobandikwa tyubu ikiwa imelegea kinatakiwa kuvutika pamoja na mpira unaojitanua mara mbili. Kingo zake zinaanza kubanduka baada ya siku chache, mtu anasema solusheni ni feki.

Kinyume chake pia kina adhabu. Tyubu ya 35/43 ikitiwa kwenye tairi ya 25 inajikunja, na kwenye mkunjo mpira unasuguana mpaka unatoboka. Tena inakuwa kazi kuizuia isibanwe chini ya ukingo wa tairi wakati wa kuvalisha.

Basi soma tairi yako, kisha tafuta tyubu ambayo upana wa tairi unaangukia ndani ya namba zake mbili. Tairi ikiwa kwenye mpaka, tuseme tairi ya 28 na dukani zipo 18/28 na 28/32, mimi huchagua ile kubwa. Ukuta wake utavutika kidogo tu.

## Na ile nene?

Tyubu nene zina mahali pake, na sitaki kumbeza anayezitumia. Mtu anayepandisha magunia mawili ya mkaa kwenye baiskeli ya 28, kwa mwendo wa kutembea, hapotezi chochote kwa tyubu nzito. Ukuta mnene unavumilia msuguano wa ndani ya tairi kuukuu, na unahimili kubanwa kidogo zaidi.

Kwa mtu wa lami anayekwenda kazini kilomita 15 kila asubuhi, hesabu ni nyingine. Tyubu ya kawaida ya baiskeli ya mbio ina gramu 100 hivi. Ile inayouzwa kama ya kuzuia miiba inaweza kuzidi gramu 300. Uzito wenyewe si shida kubwa. Shida ni kwamba kila gurudumu linapozunguka, mpira unakunjwa na kukunjuliwa pale unapogusa barabara, na kila unapokunjwa unakula sehemu ya nguvu ya miguu yako na kuigeuza joto. Mpira mwingi, nguvu nyingi inapotea. Siku nzima, njia nzima.

Na unapata nini? Waya wa tairi ya lori uliokwisha kupenya tairi hausimamishwi na milimita moja ya ziada ya mpira laini. Mwiba wa mbigiri ukishaingia wote, vilevile. Tyubu imekaa nyuma ya tairi. Adui akimfikia aliye nyuma, vita vimeshapotea mbele.

Pesa ya tyubu nene iongeze kwenye tairi. Tafuta tairi yenye mkanda wa kinga chini ya raba ya kukanyagia, na badilisha tairi raba hiyo ikianza kuwa bapa katikati au nyuzi zikianza kuonekana. Hapo pancha zitapungua kwa kweli.

## Shina la valvu

Sasa tuurudie ule mchaniko. Tyubu ya kwanza kati ya zile tatu haikutobolewa na kitu. Ilichanika pembeni ya valvu.

Valvu za baiskeli tunazokutana nazo ni tatu. Kuna ya gari, Schrader, nene, milimita 8, inayopita kwenye tundu la ringi la milimita 8.5. Kuna Presta, nyembamba, milimita 6, yenye kinati kidogo kichwani, kwa tundu la 6.5. Na kuna ile ya zamani, Dunlop, wengine wanaiita Woods, yenye kimpira chembamba ndani kinachofanya kazi ya mlango. Hii nayo inakaa kwenye tundu la 8.5. Baiskeli zetu za mizigo na za mtumba kutoka Japani na Uholanzi nyingi zilizaliwa na hii ya tatu.

Tyubu nyembamba za 18/25 kwa kawaida huja na Presta. Ukiipitisha Presta kwenye tundu la 8.5, inabaki nafasi ya zaidi ya milimita moja kila upande. Valvu inacheza. Upepo unaisukuma tyubu iingie kwenye ile nafasi, ukingo wa chuma unaikwaruza, na kila unapobana pampu unaisogeza tena. Siku moja shina linaachia. Sehemu hiyo haina kiraka.

Kama huna tyubu nyingine, weka bushi ndogo ya plastiki au ya shaba kuzunguka valvu, ijaze lile tundu. Lakini dawa ya kudumu ni kununua valvu inayolingana na ringi. Kinyume chake, kutoboa ringi ya Presta kwa drili ili ipite valvu ya gari, sikushauri kwenye ringi nyembamba ya mbio. Unapunguza chuma mahali ambapo hakikuwa kingi, na ukiacha ncha kali ambayo haikupigwa tupa, umetengeneza kisu ndani ya gurudumu lako.

Ningekuwa na ringi ya tundu la 8.5, ningechukua valvu ya gari bila kusita. Pampu yake iko kwa kila fundi wa bodaboda na kila kituo cha mafuta. Ila pale kituoni uwe na mkono mwepesi: kompresa ya magari inajaza tyubu ya baiskeli kwa kufumba na kufumbua. Bonyeza, achia, pima.

Mwenye Presta anunue adapta ya shaba, kile kidude kidogo kinachogeuza Presta kuwa ya gari, akae nacho kwenye pochi. Afungue kwanza kinati cha kichwani, aguse mara moja mpaka upepo utoe mlio wa "psss", ndipo afunge adapta. Wengi wanasahau kinati, wanasukuma pampu mpaka jasho, halafu wanasema tyubu imekufa.

Urefu wa valvu nao unapimwa. Chukua kina cha ringi, ongeza milimita 20 hivi. Ringi ya kawaida inatosheka na valvu ya 40 au 48. Ringi zenye kina cha milimita 50 zinataka 80.

Ile nati inayokaza valvu kwenye ringi ikazwe kwa vidole tu. Koleo linaivuta valvu na kuianzishia mchaniko.

Kwa Dunlop, kabla ya kushuku tyubu, toa kile kimpira cha ndani. Kikikauka au kikipasuka kinavujisha polepole, na bei yake ni ndogo kuliko kitu chochote kingine kwenye baiskeli.

## Butili, lateksi, na zile za rangi

Karibu tyubu zote nyeusi ni za butili, mpira uliobuniwa Marekani mwaka 1937 na wakemia wa Standard Oil. Sifa yake kubwa ni kutopitisha upepo kirahisi. Kwa matumizi ya kila siku, hapo ndipo pa kusimama.

Lateksi ni laini, inakimbia vizuri, lakini inapoteza upepo ndani ya siku moja. Waachiwe wa mashindano.

Zile za TPU, za plastiki nyepesi ya machungwa, kijani au waridi, zina gramu kama 35 hadi 40 kwa saizi ya mbio, na ikikunjwa inaenea kiganjani. Bei yake ni mara kadhaa ya butili. Solusheni ya kawaida haishiki. Inataka viraka vyake. Usiijaze kwa nguvu ikiwa nje ya tairi, maana ikishavimba hairudi umbo lake. Na kama breki zako zinabana ringi, soma boksi kwanza: si kila TPU inastahimili joto la ringi kwenye mteremko mrefu. Mimi ningeibeba kama akiba chini ya kiti.

## Upepo

Kidole gumba hakipimi. Tairi nene ya 40-635 kwa kidole inahisi ngumu ikiwa na PSI 30 tu, na hapo tayari iko kwenye eneo la kubanwa.

Mtu wa kilo 70 kwenye tairi ya 28-622 anaweza kuanzia PSI 75 nyuma na 70 mbele, kisha arekebishe. Nyuma panabeba uzito zaidi, ndiyo maana panazidishwa. Tairi ya 40-635 isomwe ubavuni mwake na ijazwe karibu na kiwango cha juu kilichoandikwa kama kuna abiria au mzigo. Butili ijazwe mara moja kwa wiki, hata kama gurudumu linaonekana zima.

Kuna hofu ya jua. Baiskeli imeegeshwa saa sita mchana, tairi imejazwa asubuhi, itapasuka? Upepo uliojazwa PSI 80 kwenye joto la nyuzi 25, ukifika nyuzi 55, utakuwa karibu PSI 90. Tairi nzima iliyokaa sawa inabeba hilo. Inayopasuka mchana ni ile iliyokuwa na jeraha tangu asubuhi.

## Kuivalisha

Tyubu nyingi mpya zinauawa na bisibisi. Fundi mwenye haraka anamalizia ukingo wa mwisho kwa chuma, tyubu iko katikati.

Itie upepo kidogo kwanza, ipate umbo la mviringo tu. Ingiza valvu, kisha laza tyubu ndani ya tairi bila kuipinda. Anza kuvalisha ukingo upande ulio mbali na valvu, uje ukimalizia kwenye valvu, huku ukisukuma ukingo uliokwisha kuingia ushuke kwenye bonde la katikati ya ringi. Hapo ndipo nafasi inapopatikana, na vidole gumba vinatosha. Ukimaliza, sukuma valvu juu kuelekea ndani ya tairi, iachie irudi, ili tyubu isibaki imebanwa pale. Bonyeza tairi pande zote mbili ukizunguka gurudumu zima: ukiona mpira mweusi wa tyubu unachungulia, usijaze. Jaza PSI 20, zungusha gurudumu, angalia mstari mwembamba wa ubavuni uwe na umbali uleule kutoka kwenye ringi. Ndipo umalizie.

Ya akiba usiitupe kwenye mkoba pamoja na spana. Itasuguana na chuma kila kilomita na kutoboka kabla haijatumika. Ipakaze poda kidogo, iviringishe, itie kwenye soksi kuukuu.

## Chini ya mwarobaini

Fundi hakumuuzia ile nene. Alichukua tyubu iliyoandikwa 28 × 1½, valvu ya gari, akapangusa ndani ya tairi kwa kitambaa, akakuta uzi mmoja wa chuma uliokuwa bado haujafika ndani. Akautoa kwa koleo. Akajaza PSI 50, akamwonyesha mwenye baiskeli mshale wa kipimo ulipo.

Zile tatu hazikutupwa. Iliyochanika shina, iliyotobolewa vitundu viwili na ile nyingine, zote zilikatwa kwa mkasi kwa urefu, vipande vya upana wa vidole viwili. Kimoja kilifunga kreti ya soda nyuma ya kiti, mizunguko mitatu na fundo moja. Vingine vilining'inizwa kwenye msumari wa mwarobaini, vikisubiri mwenye mzigo mwingine.